Kichuguu cha Nyuma ya Kanisa

Mjukuu wangu Nekesa,

Sisi hapa Butula tuko salama. Mvua imekuja vizuri, na mama yako sasa ndiye anaongoza kwaya. Sauti hiyo aliitoa kwangu, usiulize kwingine.

Umeniuliza kama kweli Mungu anajali wadudu. Sikia basi. Zamani, nilipokuwa nimeolewa tu, wazee wa kanisa walitaka kubomoa kichuguu cha nyuma ya kanisa, udongo wake ufyatuliwe matofali. Ni mimi peke yangu nilisimama nikakataa.

"Mama, unatetea mchwa?" mzee mmoja akanicheka.

"Mzee, mchwa waliumbwa na nani? Nipeni leo tu. Kumbikumbi wasipotoka, nitabeba huo udongo mwenyewe."

Mvua ilikuwa imenyesha asubuhi. Mimi na wanawake wa kwaya tukafunika kichuguu kwa blanketi, tukachimba kishimo pembeni, tukapiga vijiti juu ya ubao kama matone ya mvua huku tukiimba. Hakuna aliyetoka. Mzee akaniletea jembe, anatabasamu. Mimi nikazidi kupiga.

Weh! Kumbikumbi wakatoka, wakamiminika kishimoni, tukawazoa mpaka beseni zikajaa. Yule mzee akatupa jembe, akawa anawala kwa mikono miwili.

Pasta akasema, "Hii ni meza ya Bwana. Nani ataibomoa?"

Matofali yakafyatuliwa kwa udongo wa mtoni. Kichuguu kiko mpaka leo, na kila msimu kanisa zima linasali kwanza, kisha linakula.

Mungu akulinde huko Mombasa, pamoja na kila kiumbe chake.

Kukhu wako anayejivunia wewe