Mgeni Mmoja, Kwa Koleta

Jumatatu, 25 Novemba
Wasifu wa kata, bado. Wilaya inautaka kabla ya mwisho wa mwaka. Mipaka: mashariki ziwa. Magharibi mbuga na msitu. Hali ya hewa: joto, na mvua mbili. Nimefuta "joto kali". Afisa Maendeleo hatakiwi kulalamika ndani ya wasifu.

Mbalamwezi. Dagaa huvuliwa gizani tu, kwa hiyo karabai zimezimwa, wavuvi wamejaa mwaloni, pale ufukweni, wanacheza bao. Mvua imeharibu dagaa waliokuwa mchangani. Harufu yao inaingia ofisini, inakaa kwenye mtandio wangu. Nimeshaacha kuipiga vita.

Jumatano, 27 Novemba
Sehemu ya lugha. Wazinza, Wasubi, Wasukuma, na kile kitongoji cha Nyakasenyi walichoanzisha Wahangaza waliotoka Ngara kutafuta ardhi. Kila nyumba na lugha yake. Nimeandika: "Kiswahili kinaeleweka na wote." Mtendaji wa Kata, Bwana Masalu, akasoma akacheka. Yeye anaamini kinaeleweka na mimi peke yangu, kwa kuwa babu zangu walikuja Biharamulo kutoka Pwani na mizigo ya kaniki. Nilimwambia angalau kwetu tunajua tofauti ya lala na rara. Utani wa kijinga. Tulicheka wote wawili.

Jioni mjumbe wa baiskeli kaleta agizo. Wakimbizi wote wanaokaa nje ya kambi watafutwe, wakabidhiwe kwa malori ya kuwarudisha kwao. Masalu hakucheka tena.

Ijumaa, 29 Novemba
Kikao cha mabalozi wa nyumba kumi, chini ya paa la ghala la pamba. Mvua inapiga bati, watu wanapiga kelele kuishinda. Mimi nilikaa pembeni na maswali yangu ya muhogo na vyoo. Hakuna balozi aliyenijibu la maana kuhusu vyoo.

Masalu akamuuliza kila mmoja: una wageni? Wengi walikataa. Mmoja alitaja familia inayolima kwa kibarua. Balozi wa Nyakasenyi, Mzee Sebastiani, akasimama na kuvua kofia. Uso umemchangamka. "Ninaye mgeni mmoja tu, kwa Koleta."

Watu walishangaa mtu kujisema wazi hivyo. Masalu akamsifu mbele ya kikao kwa uaminifu wake. Akaongeza mzaha: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe lori. Nami nilicheka. Naandika hapa kwamba nilicheka.

Jumapili, 1 Desemba
Mgambo wamepita alfajiri. Wamechukua ile familia ya vibarua, na msichana mmoja Nyakasenyi. Kamanda wa mgambo kapita kwangu kuomba maji, akanisimulia. Nyumba ya Koleta, chumba cha ndani kabisa. Msichana kafunikwa shuka mpaka usoni. Anaulizwa jina, kimya. Anaulizwa kwao, kimya. Koleta analia kwa lugha yao, na lugha yao kwa sikio la kamanda ni Kirundi kitupu. Wanaume wa nyumba hawapo, giza limerudi na wamekwenda visiwani kwenye dagaa. "Angekuwa mwenyeji angefichwa?" kamanda aliniuliza.

Niliona ana hoja. Nimefua, nimesali, nimemaliza sehemu ya mazao.

Jumatatu, 2 Desemba
Nina hasira. Naandika vibaya.

Asubuhi Mzee Sebastiani alifika ofisini na Koleta. Koleta ni mjane, mama wa Evarist, mvuvi. Balozi hakuketi. "Mgeni wetu mmempereka wapi?" Masalu akamjibu kwa upole kwamba mgeni amepelekwa kwao, na kwamba yeye mwenyewe ndiye aliyemtaja. Mzee akatutazama kama watu waliorukwa na akili. "Kwao ni Mugoma, Ngara. Tumemtorea ng'ombe. Evarist amemuoa juzi tu, bado hajatorewa nje."

Masalu bado hajaelewa. Mimi nikamwuliza Mzee: kwenu mgeni ni nani?

Kwa Kihangaza mgeni ni bibi harusi. Ni neno lao la kila siku. Mtu anayekuja kutembea wanamwita vingine. Na bibi harusi wao hukaa ndani kafunikwa, hasemi na wasio wa nyumba hiyo, mpaka wakwe wakusanyike, pombe ya mtama iwepo, mama mkwe amfunue. Ndipo anatoka, anasema, anashika kazi. Kwetu tunaye mwali. Ni yale yale! Nimelelewa na shangazi waliofungiwa ndani kwa namna hiyo hiyo.

Msichana anaitwa Domitila. Hakuwa anaficha kitu. Alikuwa na adabu.

Asiyejua maana haambiwi maana. Mimi niliambiwa, tena kwa furaha, mbele ya kikao kizima.

Masalu anasema lori limeshafika Biharamulo, na hawezi kupinga agizo alilolitekeleza mwenyewe. Nilimpigia kelele. Nilimwita mwoga. Mzee Sebastiani akainamisha kichwa kwa aibu yangu. Mwishowe Masalu akaandika barua fupi, akagonga muhuri, akanipa bila kunitazama. Nakwenda na Koleta kesho.

Jumanne, 3 Desemba
Biharamulo. Uwanja wa mpira ambako huwa wanakusanywa ni mtupu. Matope, masufuria yaliyosahauliwa, kandambili ya mtoto. Askari mmoja anasema wenye Kirundi wamepelekwa Kabanga, mpakani, leo hii. Wengine njia nyingine.

Tumelala nyumbani kwetu, nyuma ya duka. Koleta hakugusa wali. Mama akamwuliza pole pole, akaambiwa yote. Akaenda kwenye sanduku, akarudi na kanga mpya, akampa. Mtoto akifunuliwa bila nguo mpya ni aibu, alisema. Nilidhani Mama amechanganya mambo.

Jumatano, 4 Desemba
Lori la mahindi ya wakimbizi lilitubeba kutoka Lusahunga. Juu ya magunia, mvua usoni. Koleta hajawahi kurudi Ngara tangu aolewe. Milima ilipoanza, alikuwa akinionyesha mashamba ya migomba kwa kidole, bila sauti.

Kabanga jioni. Wabadilisha fedha, mabasi, wauza ndizi, na karibu na kizuizi watu wamekaa chini kwa mistari. Walikuwa wavushwe leo. Gari la upande wa pili limekwama kwenye tope, kwa hiyo bado wapo. Tope ndilo lililotusaidia. Sisi hatujasaidia kitu mpaka sasa.

Tulimjua kwa shuka. Kila mtu kaangalia mbele, yeye kafunikwa.

Afisa wa zamu ni kijana, amechoka, si mtu mbaya. Akasoma barua ya Masalu. Anasema barua kama hizi huuzwa sokoni. Anataka msichana aseme mwenyewe. Ameshamwuliza kwa Kiswahili, ameshamletea mkalimani, hajibu. Nilipiga magoti nikamwambia, mwanangu sema, jina tu. Shuka ikatikisika. Hakusema. Nilitaka kumzaba kofi. Kweli nilitaka.

Hapo Koleta akavua kandambili. Akatandika ile kanga ya Mama kwenye matope, akamkalisha juu yake. Hakuna pombe, hakuna wakwe, hakuna mtama. Akaomba maji kwa muuza ndizi, akamnawisha mikono. Kisha akashika shuka kwa mikono miwili akamfunua.

Sura ya mtoto tu. Macho yamevimba.

Halafu mwanamke mmoja kwenye mstari, Mrundi, na mtoto mgongoni, akapiga kigelegele. Wa pili akamfuata. Mstari mzima wa wanawake, watu wanaosubiri kuvushwa, wakampigia vigelegele bibi harusi wasiyemjua. Walijua wanachokiona. Askari wakasimama na bunduki zao hawajui wafanye nini.

Ndipo Domitila akasema. Jina lake, jina la baba yake, kitongoji chao Mugoma, shule, na mwalimu aliyemchapa kwa hesabu. Kiswahili cha darasani, safi kuliko cha afisa. Muuza ndizi akaacha kapu lake. Akamwambia afisa kwamba huyo baba anamfahamu, ni jirani ya dada yake.

Afisa akasema tumchukue, haraka, kabla mkubwa wake hajaja. Tukamchukua.

Wale wanawake walibaki kwenye mstari. Sikuuliza majina yao. Naona aibu.

Ijumaa, 6 Desemba
Njiani kurudi. Baba yake alitaka abaki Mugoma. Tulilala kwake, akaongea sana, mwenye haki. Domitila alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akapanda lori pamoja na mama mkwe wake. Hajanisemesha. Sikumlazimisha.

Jumanne, 10 Desemba
Masalu amekwenda Nyakasenyi na kreti ya soda kuomba radhi. Mzee Sebastiani aliipokea. Koleta hakutoka nje. Evarist karudi kutoka visiwani, anasemekana anatafuta kamanda wa mgambo. Masalu amemhamishia kamanda kitongoji kingine kwa muda. Nimeongeza ukurasa kwenye sehemu ya lugha. Masalu anauona mrefu mno. Nimekataa kuupunguza.

Jumapili, 15 Desemba
Wasifu umekwenda wilayani na basi la asubuhi. Baada ya hapo nilitembea mpaka Nyakasenyi, bila kazi maalumu. Jua limetoka, dagaa wanakauka vizuri.

Domitila alikuwa kando ya barabara anageuza dagaa. Kwa desturi bibi harusi mpya, hata akishafunuliwa, angekuwa bado nyuma ya nyumba, sauti yake haijulikani na majirani. Kabla sijamfikia alinyoosha mgongo, akapaza sauti. "Shikamoo! Mimi Domitila, mke wa Evarist, wa hapa hapa."

Nilisema marahaba. Nilisema namjua.

Akaitikia kwa kichwa, akainama kwenye kazi yake. Nyuma yangu alikuwa anakuja mtoto na ndoo ya maji, hajafika hata darasa la kwanza. Nikamsikia Domitila akimwamkia naye, kwa sauti ile ile, maneno yale yale.