Mbwa Mwenye Cheti cha Ukoo

Mollo, Sumbawanga
12 Juni 1996

Mdogo wangu Adriano,

Tumsifu Yesu Kristo. Ulezi tumeshavuna, tunashukuru, ila nina hasira na wewe.

Huyo dume wa Kijerumani uliyemtuma kutoka Dar ulisema tumpandishie majike ya huku, kwani cheti kinataja ukoo wake mpaka babu wa babu. Ulipochumbia, baba alikwenda hadi Kipili kuuliza kama kwao mkeo kuna wagomvi au wenye kichaa. Wewe kwa mbwa uliridhika na majina!

Jirani yetu Mboje alileta jike lake. Kwanza akaangusha sufuria makusudi, ampime dume. Dume akajikojolea, kisha akamrukia mama aliyekuwa anapepeta, akamng'ata mkono.

"Dada, huyu ni mwoga," Mboje akasema, "na mwoga ndiye anayeng'ata. Watoto wake sitaki hata bure."

Mama amenikataza kukuandikia habari hii, eti utaumia moyo. Mimi nataka uumie. Jumatatu bwana mifugo anakuja kumhasi, na usinijibu kunizuia.

Mama anakusalimu. Safari hii ametia sahihi kwa dole gumba la kushoto. La kulia bado limefungwa.

Dada yako,
Leonia