Nyangumi Hatoki Kwenye Deki Yangu

Jumamosi, jioni.

Mvua ya vuli imetuchezea tangu alfajiri. Inanyesha, inakatika, jua linatoka kidogo, tunaanika karafuu, inanyesha tena. Majamvi nimeyakunja na kuyakunjua mara nne kabla ya adhuhuri. Vidole bado vinaninukia makonyo ya karafuu hadi sasa ninapoandika, na najua hata kadi zangu zinanuka vivyo hivyo. Sijali.

Leo sijali mengi.

Kwa anayepita kwenye shajara hii ya mtandaoni kwa mara ya kwanza: mimi ni mwalimu wa hesabu, nina miaka thelathini na mmoja, naishi Gando na mama yangu, Bi Raya, na kila Jumamosi mchana nakwenda Wete kucheza kadi. Si karata za barazani. Ni zile kadi za picha ambazo mtu anazikusanya na kubadilishana na wenzake, kisha anachagua arubaini na kujipangia deki yake mwenyewe. Tunachezea nyuma ya duka la Faki, anayetengeneza simu na kutoa fotokopi. Faki ndiye aliyetuletea mchezo huu na ndiye anayepanga mashindano. Tuko kumi na wanne. Mwanamke ni mimi peke yangu, na hilo nimeshaacha kuliandika kwa sababu wao wenyewe wameshachoka kulishangaa.

Msimu huu tulipangiwa Jumamosi nane. Wanne wa juu watakwenda Unguja mwezi ujao kucheza na wenzetu wa huko. Leo ilikuwa Jumamosi ya nane, na mimi niliamka nikiwa wa tano.

Nieleze kwanza kwa nini niliamka na hasira.

Jumamosi iliyopita nilifungwa mara mbili mfululizo. Nilikuwa nakusanya kadi zangu taratibu, sina neno na mtu, Faki akaja akasimama juu yangu. Akasema mbele ya wote, "Mwalimu, huyo Nyangumi wako mtoe. Hino deki nzito, yatutia aibu. Cheza Nyigu kama sisi, au wapishe wanaotaka kwenda kushinda."

Wengine walicheka. Waliobaki waliangalia simu zao, ambayo ni namna nyingine ya kucheka.

Nililia, nakiri. Nililia njiani, ndani ya buibui, na nilipofika nyumbani nikamwambia mama kwamba ni vumbi. Mvua inamwagika nje, vumbi gani? Mama hakuuliza.

Nyigu ni kadi ndogo ndogo, rahisi kulipia. Zinatoka kundi zima tangu zamu ya kwanza, zinauma kidogo kidogo mpaka roho zako ishirini, ambazo ndizo uhai wa kila mchezaji, zimekwisha. Faki aliona kwenye simu kwamba huko nje ndiyo deki inayoshinda, akaijenga, akashinda, na wiki mbili baadaye karibu kila mtu alikuwa na Nyigu. Sasa ukikaa pale nyuma ya duka unaona Nyigu wanapigana na Nyigu. Ukiwafunika wachezaji nyuso zao huwezi kusema nani ni nani.

Nyangumi wangu ni kadi moja kubwa. Kila zamu mchezaji anaongezewa nguvu moja, na Nyangumi anataka nguvu sita, kwa hiyo hawezi kutoka kabla ya zamu ya sita. Lakini akishuka, kadi zote ndogo za mwenzako zinarudi mkononi mwake, na itabidi azilipie upya moja moja. Nilimkuta kwenye pakiti ya kwanza kabisa niliyofungua maishani mwangu. Nilimpenda hapo hapo, na deki nzima nimeijenga kwa ajili yake.

Si kwamba nimekaa tu nikimbembeleza. Jumamosi saba nimekuwa nikiijaribu hii deki, nikiifumua na kuisuka. Nilitia Pweza, nikatoa Pweza. Nilijaribu Nanga tatu, nikaona zinanikwamisha, nikabakisha moja. Kila mchezo nauandika kwenye daftari la shule: nani alianza, nilishika nini, nilikufa zamu ya ngapi, nilibaki na nini mkononi.

Jana, baada ya sala ya Ijumaa, mvua ikatufungia ndani. Nikalichukua daftari nikasoma safu ya mwisho tu, ile ya nilichobaki nacho. Sijui kwa nini sikuwahi kuisoma peke yake. Mwalimu wa hesabu mzima.

Nimefungwa michezo kumi na mmoja msimu huu. Katika tisa, Nyangumi alikuwa mkononi mwangu. Hakuwa ndani ya deki akisubiri kuvutwa, alikuwa mkononi, na nguvu sita ninazo.

Deki haikunifungisha. Nilijifunga mwenyewe.

Na ninajua nilikojifunzia. Mimi karata nimefunzwa na mama, hapa hapa uani, nikiwa sijaanza hata darasa la kwanza. Alikuwa ananiweka mwenzake dhidi ya mama zangu wadogo wawili, na nikitoa turufu mapema ananigonga vidole kwa upande wa karata zake. Turufu ni ya kubana. Unaibana, unaibana, wenzako wanamaliza vyao, halafu mwishoni unaitandika chini na ua mzima unaitika. Kwa miaka ishirini na mitano mkono wangu umeshika amri hiyo. Na Jumamosi zote hizi, kila nilipomshika Nyangumi, mkono uliniambia ngoja, waache Nyigu waongezeke, uwazoe wote kwa mpigo. Nikangoja. Nikafa naye.

Kwa hiyo Faki alikosea, na mimi nilikosea, na mama naye, Mungu anisamehe, alikosea. Nilikaa nikacheka peke yangu. Kisha nikazitandaza kadi juu ya kitanda na kutoa tatu tu: Papa wawili wazito na ile Nanga iliyobaki. Nikatia Kaa watatu, ambao ni rahisi kulipia na magamba yao yanawachelewesha Nyigu. Kazi yao ni moja, kunifikisha zamu ya sita nikiwa hai.

Nyangumi nilimrudisha juu ya fungu.

Leo tulicheza raundi nne, na ili niingie ilibidi nishinde tatu. Ya kwanza nilikutana na seremala mmoja wa Pujini, mtu mpole mwenye Nyigu wakali. Kaa walimzuia, zamu ya sita nikamshusha Nyangumi, na seremala akabaki akizirudisha kadi zake mkononi huku akitikisa kichwa. Nilitoka pale najiona nimeshafika Unguja.

Raundi ya pili ikanishusha. Nilimtoa Nyangumi kwa pupa, mezani kwa mwenzangu kuna Nyigu mmoja tu na mkononi amebana wanne. Akawatoa wote zamu iliyofuata, akanifunga. Kumbe unaweza kuwahi mno pia. Niliandika kwenye daftari kwa hati mbaya, na Faki alipita nyuma yangu akavuta pumzi kwa sauti ili nisikie.

Ya tatu nilishinda nikiwa nimebakiwa na roho mbili tu. Sitaki kuisimulia.

Ya nne nilipangiwa Faki mwenyewe. Yeye nafasi yake ilikuwa salama tangu wiki iliyopita, angeweza kucheza huku anakunywa chai. Mimi nikishinda naingia, nikifungwa nabaki. Watu waliomaliza michezo yao wakasogeza viti.

Alianza haraka kama kawaida yake. Kaa wangu wawili wakafa zamu ya nne. Zamu ya sita ikanikuta na roho saba, na Faki ana Nyigu watatu mezani. Nyangumi ninaye. Mkono ukaanza mambo yake. Ngoja. Atatoa wawili wengine, utawazoa watano. Nilivisikia vidole vyangu vinauma pale pale mama alipokuwa akinigonga. Nakuambia kweli, shajara, kuitoa ile kadi ilikuwa kazi kuliko kuchambua karafuu gunia zima.

Nikamshusha.

Faki akacheka kidogo. "Kwa watatu tu, Mwalimu? Mbona wafanya haraka?"

Alizirudisha kadi zake mkononi, na zamu iliyofuata hakuwa na nguvu za kuzilipia zote. Nyangumi akawa anapiga tu. Zamu tatu baadaye nilikuwa nimeshinda.

Faki ni mkorofi lakini si mwongo. Aliifunua kadi aliyokuwa ameibana tangu mwanzo, akaniwekea mezani. Alikuwa Malkia wa Nyigu, ambaye akitoka kila Nyigu anauma mara mbili. Alikuwa amwite zamu ya saba. Kwa roho zangu saba, wale watatu, kila mmoja akininyofoa nne badala ya mbili, wangetosha na kubaki. Ningengoja zamu moja tu ningekufa na Nyangumi mkononi kwa mara ya kumi.

"Haya, umeingia," akasema. Kisha, hata hajaandika jina, akaanza tena. Alisema Unguja lazima sote wanne twende na deki moja, tufanye mazoezi pamoja, na yeye ataniazima Nyigu wa akiba. Alisema kwa upole kabisa, kama mtu anayetoa zawadi.

Wiki iliyopita ningenyamaza. Leo nikamwambia, "Nimeingia na Nyangumi, nitakwenda na Nyangumi. Kama hutaki, sema sasa hivi, mbele ya hawa hawa, kwamba mimi si wa nne."

Nafasi niliyoitafuta Jumamosi nane nilikuwa nimemwekea mezani aifute akitaka.

Aliangalia daftari lake. Akawaangalia wenziwe, na safari hii hakuna aliyecheka wala aliyeshika simu. Seremala wa Pujini akasema taratibu, "Muandike, yakhe. Kashinda." Faki akachukua kalamu akaliandika jina langu, kwa herufi ndogo kuliko za wote. Ndogo hivyo hivyo, limeandikwa.

Nilipofika nyumbani mama alikuwa anachambua karafuu barazani. Nikamsimulia yote, hata ya yale machozi. Hayo hayakumshughulisha. Kilichomshughulisha ni Nyangumi.

"Turufu waitupa kwa watatu?" akaniuliza. "Nani kakufunza hayo?"

Nikamwambia daftari.

Akauweka ungo pembeni, akaingia ndani akatoka na karata zake za zamani zilizolegea pembe. Akanawa mikono, akakaa mkekani, akazigawa. Sikuhitaji kuambiwa. Nilikaa, na turufu nikaitoa mzunguko wa kwanza. Akanifunga. Mara ya pili nikaitoa mzunguko wa pili. Akanifunga. Mara ya tatu nikaitoa katikati, akanifunga kwa kuponea chupuchupu, lakini alicheka mpaka mtandio ukamwanguka, na akaniambia nikapige simu Wete niwarudishie watu nafasi yao.

Mvua imerudi sasa. Mama yuko ndani anasali magharibi, na amani yote ya mshindi iko juu yake. Hajaona nilichokuwa nikifanya kila alipokuwa akichanganya karata. Daftari liko hapa ubavuni mwangu, na nimefungua ukurasa mpya. Juu nimeandika jina lake, Bi Raya. Chini yake michezo mitatu: nani alianza, nilishika nini, turufu niliitoa lini, na yeye alibaki na nini mkononi.

Mchezo wa tatu alibaki na karata moja tu.

Kesho jua likitoka tutaanika, na karafuu zikishatandazwa nitamwomba agawe tena.