Wimbo Niliowafundisha Bila Ruhusa Yako

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, goti limepoa, na yule fundi wa bati ameacha kukuzungusha. Mimi sijambo. Nakula, nalala, na baridi ya huku nimeizoea, ingawa bado navaa soksi mbili mbili kama ulivyoniagiza. Najua umeshtuka kuona bahasha, maana siku zote mimi ni mtu wa simu. Usishtuke, siumwi wala sijafukuzwa chuo. Ila vaa miwani usome mwenyewe, tafadhali. Usimpe mdogo wangu akusomee. Huyo hata risiti anaisoma kama anatangaza mpira, na haya ninayoandika ni yako peke yako.

Nilikwambia kwamba kabla ya masomo ya maabara, sisi wageni tunasomeshwa kwanza lugha ya hapa kwa miezi sita. Darasani tuko kumi na wanne, si wa chuo pekee, na hakuna wawili waliotoka sehemu moja. Wiki za mwanzo tulikaa kama watu wanaosubiri kung'olewa meno. Ikifika mapumziko, kila mtu anainamia simu yake. Jirani yangu wa kiti alikuwa dada mmoja wa rika langu ambaye hafungui kinywa, nami moyoni nikamwita Kimya. Tuliazimana kifutio wiki tano nzima bila kupeana hata salamu.

Mwalimu wetu ni mama wa makamo, mcheshi, anayeongea kwa mikono kuliko kwa mdomo. Siku moja alifunga kitabu akasema sarufi imetosha, sasa kila mmoja alete wimbo wa zamani wa kwao, usiopigwa redioni, atufundishe wenzake. Tulinung'unika weee! Kuna mzee mmoja, kwao alikuwa fundi viatu, anasoma lugha hii ili aweze kugombana na mjukuu wake aliyezaliwa huku. Alisema tangu aoe hajaimba, na mwalimu akamwambia basi ampelekee mkewe pole. Kumbe ndiye aliyekuwa wa kwanza kusimama. Alipiga meza kwa kiganja, akatufundisha wimbo wa kuvunia. Hatukuelewa hata neno moja, lakini kufika saa sita sote tulikuwa tunapiga meza, hadi watu wa ofisi ya chini wakapanda kuuliza kuna nini, wakanogewa wakabaki. Siku hiyo ndiyo tulikula pamoja kwa mara ya kwanza.

Zamu yangu ilipofika, Mama, nilikuwa nimejiandaa na ule wa kutwangia. Nikasimama mbele, nikafungua kinywa, ukatoka ule wako. Ule usioimbwa nyumbani kwetu tangu kitinda mimba wetu alipotutoka, ambao shangazi aliuanza siku moja jikoni, nawe ukaweka mwiko chini ukatoka nje. Niliuandika ubaoni: Lala, mwanangu, usilie, niendako si mbali, narudi. Nikawaeleza kwamba ni mama anayekwenda kazini akimwacha mtoto. Zaidi ya hapo sikusema.

Waliupenda kuliko zote. Waliuimba wakipanga viti, waliuimba wakifua, na wale ambao ulimi wao hauna L walimwambia mtoto "rara, rara". Siku ya tatu Kimya akaomba auimbe peke yake. Darasa zima liligeuka, maana wengine walikuwa hawajawahi kuisikia sauti yake. Ana sauti nzuri, ya chini, iliyotulia. Ila maneno yalimpiga chenga, akaimba: Lia, mwanangu, usilale.

Wenzangu walicheka, nami nikaanza kucheka nao. Kisha nikashindwa. Nilitoka hadi kwenye ngazi, nikakaa, nikalia kwa kwikwi.

Kimya alinifuata, amejaa hofu, akidhani ametamka tusi. Nikamweleza kwa lugha yetu ya kuungaunga kwamba amegeuza maneno, amemwambia mtoto alie, asilale. Akasema yeye haoni kosa. Ana mtoto wa miaka mitatu, amemwacha kwa bibi yake, na kila akipiga simu anaambiwa mtoto amelala. Alisema angefurahi siku moja kumsikia hata analia. Ndipo nikamweleza jambo ambalo sijawahi kumwambia mtu. Nimelisema kwake kabla yako, na kwa hilo pia unisamehe.

Siku ile uliporudi kutoka kazini uliniuliza kama kitinda mimba wetu alilia. Nilikuwa na miaka tisa. Nikakujibu kwamba hakulia hata kidogo, alilala tu. Mama, nilikudanganya. Alilia tangu ulipotoka, kilio chembamba, na baadaye mwili wake ukawa wa moto. Uliniagiza nimwite jirani kukiwa na lolote. Sikumwita, kwa sababu nilitaka urudi ujue mimi ni mkubwa, naweza kulea. Nilimbeba nikamwimbia wimbo wako, tena na tena, mpaka akanyamaza. Nikafurahi. Nikamlaza, nikaenda kucheza.

Miaka kumi na minne nimekusikia ukiwaambia watu kwamba hakuteseka, alikwenda usingizini. Niliona jinsi neno hilo linavyokutuliza, nikaogopa kukunyang'anya. Lakini nimekusikia pia ukijilaumu kwamba ulikwenda kazini. Usijilaumu tena, Mama. Ulipotoka alikuwa mzima, na uliniachia maagizo. Mimi ndiye sikuyafuata.

Mwezi ujao tunamaliza lugha, na wenzangu wanataka kuuimba wimbo huu mbele ya wageni. Nimewaambia una mwenyewe, ngoja nimwombe. Ukikataa hatutauimba, na hakuna atakayenuna. Ukikubali, Kimya ataongoza.

Nisalimie mdogo wangu na shangazi, na yule jirani yetu mpe salamu za pekee. Ukimaliza kusoma nipigie, saa yoyote. Ukitaka kunigombeza, nigombeze. Na maneno yakikukwama ukalia tu, usikate simu. Sitakuambia unyamaze.

Ni mimi bintiyo,
Kifungua mimba wako