Brashi ya Stima na Mashavu Yangu Mawili

Mama yangu mpendwa,

Nakusalimu wewe na wote hapo Kisegi. Goti lako limepoa? Sisi huku Migori tuko salama. Hawi ameota meno mawili, ananiuma nikimnyonyesha, halafu anacheka.

Mama, kuna jambo limenichanganya. Unakumbuka chunusi zilizonitoka usoni nilipomzaa Hawi? Hazikuisha. Madam mwenye hili duka la vipodozi ninalofanyia kazi akaniambia, "Akinyi, mteja huangalia uso wako kabla ya kuangalia mafuta. Usipopona, nitatafuta msichana mwingine wa kusimama mbele." Lakini ana roho nzuri. Akanipa brashi ya stima ya kuoshea uso, kama zile tunauza, nijaribu.

Mimi nikaitumia vile ulitufundisha kusugua sufuria na mchanga pale ziwani, kwa nguvu mpaka ing'are. Tena na sabuni ya kipande. Nikikandamiza, inasimama. Nikadhani chaji imeisha, nikaichaji kwa jirani. Wapi! Ikasimama tena. Basi nikaizungusha kwa mkono wangu mwenyewe. Mama, uso uliwaka kama pilipili.

Madam aliponiona alishika kichwa. "Wewe! Ulikuwa unasugua sakafu?" Akanisomea karatasi ya maelezo ya brashi: ni kugusa tu polepole, na sabuni laini; ukikandamiza inajizima yenyewe. Nikapumzisha uso siku nne. Kisha akasema nitumie brashi shavu la kushoto peke yake, la kulia nioshe na maji tu, ndio wateja waone tofauti.

Sasa wiki mbili zimeisha na mashavu yote mawili yamepona sawasawa! Jana mama mmoja muuza samaki alikuja kununua mafuta ya mtoto. Madam akamweleza habari ya brashi. Yule mama akanishika kidevu, akanigeuza huku na huku. "Nyathina, mtoto wangu, ni shavu gani la mashine?" Madam alikuwa ananiangalia. Nikajibu, "Ni la kushoto, mama, lakini hata mimi sioni tofauti." Yule mama alicheka mpaka akaketi. Brashi hakununua.

Jioni tukafunga duka. Halafu Madam akasema, "Kesho simama mbele." Sijui ni kwa sababu uso umepona, ama nilisema ukweli, ama ananijaribu tena. Niliogopa kuuliza. Wewe ungeuliza?

Nisalimie Baba, na dada yangu mkubwa anayeanika vile visamaki vya omena. Ameniomba hiyo brashi. Mwambie aoshe uso na maji kwanza, asubiri mpaka nijue kama brashi inasaidia kweli.

Hawi anavuta hii karatasi, wacha niishie hapa.

Ni mimi mtoto wako anayekupenda,
Akinyi