Kuunda si Kuunganisha

Ijumaa, baada ya Isha

Niwie radhi, shajara, kwa kukunyamazia muda mrefu. Sikuwa na la maana la kuandika. Leo ninalo.

Bwana mmoja wa serikali alikuja barazani kwetu baada ya Alasiri kutusifia mkataba wa biashara huria. Magari ya ng'ambo yataingia hapa bila ushuru, na magari "yaliyoundwa Kenya" yataingia kwao vivyo hivyo. Wenzangu wakaitikia mashaallah.

Nikamwuliza, "Yaliyoundwa, au yaliyounganishwa?"

Akacheka. "Maalim, hapa si darasani! Si maneno yale yale?"

Si yale yale. Mpwa wangu Twahir huunganisha malori kiwandani. Injini na vyuma vyake vyote hutoka ng'ambo, hushushwa bandarini. Ikiwa mkataba unataka gari lililoundwa hapa, malori ya Twahir hayamo. Wao wataingia kwetu, sisi tutabaki mlangoni.

Nikarudia swali. Bwana yule akatazama saa, akaaga, na kahawa yake haijapoa.

Twahir alikuwa akisikiliza. Yadi moja ya Shimanzi inayouza magari ya nje inamtaka kazini.

"Mjomba, umemwelewaje?"

"Nimeelewa kwamba hakujibu."

"Basi nihame kiwandani?"

Hapo mimi pia sikujibu. Nikimwambia ahame, na kiwanda kisimame imara, je? Nikimwambia abaki...

Jumatatu atawajibu wa Shimanzi. Akishaamua nitakuandikia, na neno moja litatosha: amebaki, au amehama.