Nta Kwenye Njia ya Joto

Jumatatu, 12 Julai 1971
Itigi. Baridi. Nyuki wamehamia kwenye tundu la hewa la ndege! Kosa ni langu. Wiki jana nilipakia nta ya kijiji cha Mitundu, ikajipaka kila mahali. Mimi, fundi wa ndege hii na mtoto wa mrina asali, nimesahau kuwa mzinga mpya hupakwa nta ili nyuki waje. Nimewafukiza, wamekwenda. Masega nimekwangua, siyo yote.

Jumanne, 13 Julai
Nimewasha injini, nikafungulia joto. Harufu ya nta inayoungua. Rubani Urbano kacheka, eti ndege inanuka kanisa. Sikucheka. Hewa ya joto inapita kandokando ya bomba la moshi. Bomba likiwa na ufa, moshi unaingia kwa abiria, na kwa harufu hii ya nta pua yangu haitajua. Ugali nimeacha nusu.

Jumatano, 14 Julai
Dada yangu Dorkas kajifungua juzi, mtoto wa miezi saba. Utumbo wa mtoto umeziba. Daktari anasema apasuliwe Dar kesho hiyohiyo, treni itachelewa. Na asipigwe na baridi. Ndege ni hii moja. Shemeji Manase kaja uwanjani, kanishika mkono. Eti kwa kuwa fundi ni mimi, wao hawana wasiwasi. Wasiwasi wote wameniachia.

Alhamisi, 15 Julai
Alfajiri nilipaka bomba povu la sabuni, nikajaza upepo kwa pampu ya lori la kijiji. Likatoka povu dogo. Jingine. Ufa mwembamba kama unywele. Bomba jipya liko Dar!

Urbano alitaka tufungulie joto kidogo, na dirisha wazi. Manase akanitazama mimi. Nikakataa. Moshi ule unaua mtu amesinzia, na Urbano naye anavuta hewa hiyohiyo. Njia ya joto nimeiziba kwa bati na waya, nikasaini.

Dorkas kamfunga mtoto kifuani, ngozi kwa ngozi, blanketi mbili, chupa tatu za maji ya moto.
"Kaka, zitakaa na moto mpaka Dar?"
"Zitakaa."

Safari ni mwendo wa saa mbili na nusu. Chupa nilizipima mwenyewe jikoni, zinapoa baada ya saa moja na nusu. Wameruka saa tatu kamili.

Sasa ni saa nne na nusu. Manase kakaa mlangoni, ananiuliza watakuwa wamefika wapi. Namwambia bado saa moja; ya chupa simwambii.